Bima ya Khalati na Fedha za Muda

Nilianza kumshuku khalati yangu siku aliponiandikia. Maisha yake yote hakuwa mtu wa kuandika. Hutuma sauti, tena ndefu, zenye kishindo cha sufuria nyuma yake, ambazo huanza kwa kunisalimu na huishia kwa kumgombeza paka wa jirani. Khalati ni mdogo wake mama. Ni mjane, anakaa Marekani tangu kabla sijazaliwa, na riziki yake ni kupika biriani na sambusa za arusi na hitima za watu wa kwetu walioko huko. Siku hiyo yalikuja maandishi: "Mimi mzima mwanangu. Wewe soma. Usiangalie angalie hizo habari."

Nilikuwa katika chumba changu cha kupanga Nizwa, huku Omani, chai imepoa mbele yangu. Niliyarudia maneno yale nikitafuta ni lipi kati yao linalonisumbua. Hapakuwa na kosa katika neno lolote. Kilichonisumbua ni kwamba sikumsikia.

Shaka yangu haiwezi kueleweka bila ya kueleza habari ya sheria na habari ya shingo, na zote mbili zilikutana kwa khalati katika msimu mmoja.

Huko anakoishi, mtu asiye na mwajiri hujinunulia mwenyewe bima ya afya katika soko lililowekwa kwa sheria, na serikali humsaidia sehemu ya ada. Msaada huo ulikuwa umeongezwa kwa muda, na muda wenyewe ulikuwa unamalizika pamoja na mwaka. Wakati huohuo bajeti ya serikali ilikuwa haijapita, na bunge lao likawa linajadili mswada wa fedha za muda, wa kuiwezesha serikali kujiendesha kwa kitambo mpaka watakapokubaliana. Upande mmoja ulisema: pitisheni kwanza mswada safi, usiobeba jambo jingine, habari za bima tutakuja kuzizungumza. Upande wa pili ukasema: bila ya bima hatupigi kura. Hawakuafikiana, serikali ikafungwa.

Mimi nilikuwa naandika tasnifu ya uzamili kuhusu jambo hilohilo: namna mabunge yanavyozitumia sheria za fedha za muda kulazimisha, au kukwepa, sheria nyingine. Niliichagua mada hii kwa sababu ilikuwa mbali nami na haikuwa na mtu wangu ndani yake. Kisha daktari wa khalati akamgundulia uvimbe katika tezi ya shingo. Alitaka uondolewe, na upasuaji ukapangiwa mwanzo wa mwaka mpya, yaani baada ya ule msaada kumalizika. Msaada ukiondoka, ada ya bima ingekuwa nje ya uwezo wa mpishi wa sambusa. Bima ikiondoka, upasuaji nao haupo. Umri wake nao ulikuwa haujafikia ule ambao serikali yao huwapa wazee bima. Mada yangu ikawa imepata mtu.

Alhamisi za mwanzo nilipokuwa nikienda nyumbani Ibra, tuliuzungumza mjadala ule mbele ya kahawa kama watu wengine wanavyozungumza mpira.

"Hebu nieleze tena," mama alisema. "Serikali inafungwaje? Kama duka?"

"Baadhi ya ofisi, mama. Wafanyakazi wengine wanakaa majumbani, wengine wanafanya kazi bila mshahara."

"Bila mshahara! Na wenyewe wanakubali?"

Kaka yangu, ambaye anafanya kazi Sur na alikuwa amekuja na samaki wake kwenye boksi la barafu, alicheka. "Mngoje huyu awe waziri, atatufunga sote."

"Wewe nyamaza, kula tende. Mwanangu, na khalati yako?"

"Khalati anangoja wakubaliane."

"Basi wakubaliane, wallahi. Watu wazima wale!"

Nilimweleza kwamba kukubaliana juu ya fedha hakuna maana ya kukubaliana juu ya bima. Nilimweleza kwa makini, kwa mifano, mpaka kahawa ikapoa. Mama alitikisa kichwa kwa adabu kama anavyofanya anapomsikiliza fundi wa kiyoyozi.

Kuna jambo jingine lazima niliseme, kwa kuwa bila yake nitaonekana mtu wa wasiwasi mtupu. Nyumbani kwetu kuna desturi iliyotoka Unguja pamoja na wazee wetu, na Ibra ikapata nguvu zaidi: mtu aliye njiani, mgonjwa, au aliye katika mtihani haambiwi habari mbaya. Hufichwa mpaka afike, apone au amalize. Huku kwetu tena, mgeni akishakunywa kahawa huulizwa habari, naye hujibu kwamba hakuna ila kheri, hata kama amekuja kutangaza msiba. Habari yenyewe hutolewa baadaye, taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo ngazini. Desturi mbili hizi zikikutana katika familia moja, mtu anaweza kukaa siku nyingi akiishi katika dunia ambayo haipo tena.

Baba alifariki nikiwa katika mtihani. Kaka alikuja kunichukua Nizwa nilipomaliza karatasi ya mwisho. Tulipopita Izki alisema baba ana homa kidogo. Kabla ya Bidbid homa ilikuwa imemfikisha hospitali. Tulipoiacha barabara ya Maskati na kushika ya Ibra alinyamaza kabisa, akawa anaitazama njia kama mtu anayeiendesha gari kwa mara ya kwanza. Nje ya nyumba yetu niliona magari na wanaume wamekaa kwenye mikeka, na hakuna aliyehitaji kunieleza kitu. Alikuwa ameshazikwa tangu jana yake.

Muhula uliofuata nilisimama mbele ya jopo kutetea pendekezo la utafiti wangu, nikaanguka. Si kwa maana ya kufeli. Nilianguka chini, nikazinduka ofisini kwa katibu nikipepewa kwa faili. Walinipa likizo ya muhula mmoja. Niliporudi nilikuwa mtu wa kupima kila sentensi ninayoambiwa, na majira yale ya mjadala nilikuwa ninajitayarisha kusimama tena mbele ya jopo lilelile.

Kwa hiyo khalati aliponiandikia badala ya kusema, nilijua kwamba kuna kitu kinashushwa ngazini. Swali lilikuwa ni kitu gani, na kimefika daraja ya ngapi.

Nilimpigia kwa picha, hakupokea. Akaandika kwamba mtandao wake mbovu. Nilimpigia simu ya kawaida. Akaandika kwamba yuko dukani. Nikahesabu saa za kwao, nikaona ni alfajiri. Nilimwuliza, kwa ujanja nilioudhani mkubwa, ameshaangalia ada mpya za bima, kwa sababu soko lao lilikuwa limefunguliwa na kila mtu aliweza kuziona. Alijibu: "Nimeona. Mungu mkubwa." Khalati anayeweza kulalamika nusu saa juu ya bei ya iliki, ada ya bima imepanda namna ile, na jibu lake ni maneno matatu! Siku mbili baadaye ilikuja sauti moja fupi, ya chini, yenye mikwaruzo. "Mafua tu," alisema. Niliisikiliza mara nyingi kupita kiasi nikiwa nimevaa visikizio. Nilisikia mtu aliyelia.

Nadharia yangu ikakamilika. Khalati ameziona ada mpya, ameshindwa, ameiacha bima. Upasuaji hautakuwapo. Anaomboleza peke yake na anamficha dada yake. Kila ushahidi uliingia mahali pake, na hilo peke yake lilitakiwa kunitia shaka; katika utafiti, maelezo yasiyobakisha kitu nje huwa yana walakini.

Alhamisi iliyofuata nilimchunguza mama.

"Umesema na khalati?"

"Jana. Hajambo."

"Amesemaje?"

"Kasema hajambo."

"Alisema kwa sauti au aliandika?"

Mama aliliweka chini birika la kahawa. "Ah! Umeshaacha sheria, sasa unasomea upolisi?"

"Nauliza tu, mama."

"Na mimi nakujibu tu. Hajambo. Wewe jopo lako lini?"

Nilimwambia ni Jumatano. Akasema "inshaallah kheri" akaenda jikoni, na mimi nikamhurumia. Nilimwona mama yangu kuwa ndiye anayefichwa. Nikaazimia kutomwambia ninalolishuku mpaka nipate hakika.

Mjadala nao ulinizidishia. Niliufuatilia kila jioni kwenye kompyuta, nikizichambua hotuba zao kwa kipimo kilekile nilichompimia khalati. Waliposema "mswada safi" nilijiuliza safi kwa nani. Waliposema "tuifungue serikali kwanza," nilishughulika na hilo "kwanza," kwa sababu halikufuatwa na "pili" yenye tarehe. Mtu mmoja mwenye sauti nzuri alisimama akawazungumzia wagonjwa kwa uchungu, na nilipoangalia rekodi ya kura nikaona kwamba uchungu ule haukufika kwenye kura. Wa upande mwingine alizungumza juu ya wafanyakazi wasiolipwa kana kwamba yeye hakuwa mmoja wa waliokataa kukaa mezani. Sikumwamini hata mmoja. Sikujua tena kama hayo ni matokeo ya utafiti au ni maradhi yangu.

Mwisho mswada wa fedha za muda ulipita. Baadhi ya wale waliokuwa wakikataa walivuka wakaunga mkono, nao wakapewa ahadi: kura juu ya msaada wa bima itapigwa baadaye, katika baraza la juu la bunge lao. Niliupakua mswada wenyewe nikausoma. Ulikuwa mrefu, una mambo ya kilimo, una kulipwa kwa wale waliokaa bila mshahara. Bima haikuwamo. Nilitafuta neno moja baada ya jingine, nikaghilibika nikadhani labda wameliita kwa jina jingine, nikaanza upya. Haikuwamo.

Jumatano nilisimama mbele ya jopo. Sikuanguka. Walinipitisha kwa masahihisho madogo, na mmoja wao aliniambia kwamba mifano yangu "iko hai." Nilimwandikia mama kwamba nimepita, naye akanijibu kwa dua ndefu kuliko tasnifu.

Kesho yake niliendesha gari kwenda Ibra nikiwa na hotuba niliyoipanga njia nzima. Nilikusudia kumwambia mama ukweli wote kwa mara moja, bila daraja wala kituo: mswada umepita, bima haimo, na nina sababu za kuamini kwamba khalati ameshaipoteza yake.

Nilikuta viatu vingi mlangoni. Nimeshaona viatu vya namna hiyo kabla. Lakini ndani kulikuwa na vicheko. Wanawake wa jirani wamekaa mkekani, sahani za halwa zinazunguka, na mama kavaa dishdasha yake ya kike, ya zambarau, ya sikukuu.

"Huyu hapa msomi wetu!" mama alisema. "Ingia, mwanangu. Kula halwa."

"Shikamoo mama. Halwa ya nini?"

Bibi mmoja jirani yetu, mzaliwa wa Pemba, ndiye aliyejibu. "Marekani wamefungua serikali yao. Mamaako katulisha halwa. Mimi nasema wafunge tena Ramadhani, watufungulie na futari."

Wakacheka wote. Mimi nilisimama na mkoba begani. Niliona jambo ambalo nililiogopa kwa majuma kadhaa: mama hakuelewa. Nilimweleza mbele ya kahawa mpaka ikapoa, na bado aliposikia serikali imefunguliwa alidhani khalati amepona. Ameitoa shukurani kwa kitu kisichokuwapo, mbele ya mtaa mzima.

Nilimwomba tuende jikoni. Nikafunga mlango.

"Mama, nisikilize. Wamepitisha fedha za muda tu. Za bima hawakupitisha chochote."

"Najua," alisema mama.

Alikuwa anakata halwa nyingine kwenye sahani, na kisu chake hakikusita.

"Unajua nini?"

"Kwamba bima haimo. Wewe mwenyewe si ulinieleza? Fedha kitu kingine, bima kitu kingine. Kwani mimi ni mtoto?"

"Basi halwa ya nini?"

Aliangalia mlango, kisha akapunguza sauti. "Khalati yako kakatwa shingo. Ule uvimbe umetoka. Alhamdulillahi."

Nikamtaka arudie, akarudia. Daktari alimwita khalati baada ya serikali kufungwa, au tuseme khalati ndiye aliyemwita daktari. Alimwambia hataki kungojea mwaka mpya, hawaamini wale watu na ahadi zao, akatwe sasa hivi bima ikiwa bado mkononi. Mgonjwa mmoja alikuwa ameahirisha, nafasi ikapatikana. Alipelekwa na mwanamke mmoja wa Kingazija anayemsaidia kupika. Mama alikuwa kwenye simu na huyo mwanamke muda wote wa upasuaji, amekaa palepale jikoni. Kaka alijua. Bibi wa Pemba alijua. Siku khalati aliponiandikia niendelee kusoma, alikuwa na mshono shingoni na sauti haikuwa imerudi.

Majuma yote yale niliwachunguza watu wawili nikiamini mmoja anamficha mwenziwe, na haikunipitia akilini, wala mara moja, kujiuliza ni nani katika nyumba hii aliye katika mtihani.

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa na jopo."

"Mama!"

"Mara ya mwisho ulipokwenda kusimama mbele yao na jambo kifuani, ulianguka. Nikwambie nini? Nikwambie khalati yako yuko juu ya kitanda, haya nenda kasome?"

"Na lau angekufa?"

Hapo kisu kilisita. Mama alinitazama usoni, na alinijibu bila hasira, kama mtu anayetaja saa ya sala. "Ningekwambia Jumatano ulipomaliza."

Nilikaa juu ya gunia la mchele. Nilikuwa na hasira ya baba, niliyoibeba zaidi ya mwaka bila kupata pa kuitua, na nilikuwa na furaha ya khalati, na sikujua ipi nianze nayo. Nje bibi wa Pemba alikuwa anauliza kama halwa imekwenda kupikwa upya.

"Sitaki kufichwa tena," nilisema. "Hata nikiwa katika mtihani. Hata nikiwa juu ya kitanda."

Mama hakuahidi. Alisema tu, "Haya. Basi ngoja watu watoke, tumpigie. Kuna jambo anataka kukuuliza, na mimi nilimwambia angoje umalize."

Magharibi ilipokwisha tulimpigia kwa picha. Huko kulikuwa asubuhi. Khalati alikuwa amejifunga mtandio mwepesi shingoni, na uso umepungua.

"Shikamoo khalati."

"Marahaba, daktari mtarajiwa." Sauti ilikuwa nyembamba, inachanika katikati. "Usinitazame hivyo. Wao wamefunga serikali, mimi nimefunguliwa shingo. Wao wamefungua, mimi nimeshafungwa. Tumepishana mlangoni."

Nilicheka, kisha nikalia, kisha akanigombeza kwa kulia mbele yake, akakohoa, mama akamgombeza yeye kwa kusema sana.

"Sasa skiza," alisema. "Majibu yametoka. Ulikuwa si uvimbe mzuri. Wameutoa wote, lakini daktari anataka kunipa dawa ya mionzi, ya kumeza, ya kumalizia kilichobakia. Kasema hakuna haraka, kanipangia Februari. Mimi nikasema sawa, maana nimesikia wameahidi mambo ya bima watayapigia kura. Halafu nikasema la, ngoja kwanza, tuna mtu wetu kasomea. Usinijibu kama mwana. Nijibu kama ulivyowajibu maprofesa wako jana. Hiyo kura watapiga?"

Mama aliniangalia. Niliona mkono wake umeshika upindo wa kanga. Kila mazoea ya nyumba yetu yalinitaka niseme inshaallah kheri.

"Kupiga, nadhani watapiga," nilisema. "Wameahidi kupiga. Hawakuahidi kupitisha. Waliovuka wamevuka, na serikali ikishafunguliwa hakuna kitu mkononi cha kuwalazimisha. Na hata ikipita katika baraza la juu, la chini halikuahidi chochote. Mimi sioni kwamba itapita kabla mwaka haujaisha, khalati."

"Huoni au hujui?"

"Kujua siwezi. Lakini ningekuwa wewe nisingeungoja mwaka mpya."

Nilimwona anageuza uso kutazama ukutani, pengine saa, pengine kalenda. Kwenye picha sikuona. Nilijishuku, nikayapitia maneno yangu moja moja kama nimezidisha, nikaona sikuzidisha.

"Basi dawa yangu nitaimeza mwezi ujao," khalati alisema. "Watafute nafasi. Kama hawana nitakaa palepale mpaka wachoke na mimi. Kliniki ishafunguliwa saa hizi?"

"Unauliza sisi?" mama alisema. "Kwenu huko!"

"Ishafunguliwa. Ngojeni niwe wa mwanzo, wakishapata foleni hawapokei simu."

Akakata kabla hatujamuaga. Mama akaiweka simu katikati yetu mkekani, uso juu, na sote wawili tukakaa tunaitazama.